Nyimbo Saba za Asali

Asali alifariki Ijumaa asubuhi, akiwa ameshaimba nyimbo saba kati ya tisa za albamu yao ya kwanza. Selimundu, ule ugonjwa wa damu, ilikuwa imemwandama tangu utotoni. Yeye na maumivu walijuana kama majirani, na mara nyingi alitoka hospitali akaenda studio moja kwa moja, plasta ya sindano bado mkononi, akasema, "Haya, niwashieni maiki." Safari hii hakutoka.

Kundi lao liliitwa Vimulimuli. Walikuwa wasichana watatu waliosoma darasa moja: Twiga, aliyewazidi wenzake kwa urefu na kwa kucheza, Kipaza, mwenye sauti ya juu ya kupasua glasi, na Asali, mwenye sauti nzito ya chini iliyowashikilia wale wawili wasipeperuke. Nyimbo zao zilikuwa za kuchezeka, biti za kasi, kibwagizo unakishika ukisikia mara moja tu.

Nguo zao za jukwaani zilishonwa na mdogo wake Asali, binti mkimya ambaye nyumbani waliita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Kitinda alivijua vipimo vya dada yake kwa kichwa, kwa sababu vilikuwa vipimo vyake mwenyewe. Uso, mabega, hata ule mwanya wa meno ya juu: mtu akiwaona kwa mbali aliwachanganya. Kilichowatenganisha ni damu. Ugonjwa ulimchukua mmoja ukamruka mwingine, na jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa ndani ya nyumba ile.

Siku chache baada ya mazishi, meneja wa kundi alikuja nyumbani na Twiga na Kipaza. Alimwamkia mama, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayeogopa kulichafua.

"Mama, sina maneno ya kukupoza," alisema. "Lakini sauti ya mwanao ipo. Watu hawajamzoea kwa sura bado. Kitinda akisimama pale katikati, akachezesha mdomo tu, sauti ya Asali ikatoka kwenye spika, nani atajua?"

Kipaza aliinuka akatoka nje bila kuaga. Kitinda alingoja mama yake amfukuze yule mwanamume. Badala yake mama alimgeukia yeye, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu.

"Kama sauti yake inatoka nje," alisema mama, "basi na itoke na sura yake."

Kitinda hakuwa na roho ya kumkatalia. Ndivyo ilivyoanza.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wenye vioo ukuta mzima. Nguo za Asali zilimkaa bila kuongezwa wala kupunguzwa hata uzi. Hatua za kucheza alizishika haraka. Kilichomtoa jasho ni mdomo.

"Mdomo uende pamoja na sauti, usiikimbilie nyuma," Twiga alimfundisha. "Ukichelewa kidogo tu, umeumbuka."

Ili asichelewe ilimbidi ajue dada yake alivuta pumzi wapi. Akawa anashona huku amevaa hedifoni, anasikiliza zile pumzi ndogo kabla ya kila mstari, mpaka akazijua kuliko maneno yenyewe. Katika wimbo wa nne Asali alicheka. Siku ile ya kurekodi, Kipaza alikuwa amejikwaa kwenye waya akaanguka kifudifudi, na fundi mitambo aliupenda ule mcheko akauacha. Sasa Kitinda alitakiwa kucheka pale pale, bila sauti, bila chochote cha kuchekesha. Kila wakifika hapo, Kipaza alikosea hatua.

"Usiniangalie ukicheka," Kipaza alimwambia siku moja, kwa hasira.

"Niangalie wapi?"

"Popote. Angalia mlango."

Nyumbani nako mambo yakaanza kubadilika. Kitinda alijikuta anapumua kwa mpangilio wa zile nyimbo hata akiosha vyombo, na anaimba chinichini bila kujijua. Alasiri moja, akiwa kwenye cherehani, alimsikia mama akiita kutoka jikoni, "Asali, hebu funga hilo dirisha, vumbi linaingia."

Kitinda alisimamisha cherehani. Alingoja mama ajisahihishe. Hakusikia kitu ila mwiko ukigonga sufuria. Mwishowe aliinuka, akafunga dirisha.

"Nimefunga, mama," alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito kuliko alivyokusudia.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena Kitinda. Kesho yake, kando ya kikombe chake cha chai, alikuta kidonge kidogo cha njano. Alikitambua. Ni kile ambacho dada yake alikunywa kila asubuhi, maisha yake yote, kuisaidia damu yake. Mama alikuwa amesimama pembeni na glasi ya maji mkononi, anangoja kama alivyomngojea Asali. Kitinda alikimeza. Akakimeza na siku iliyofuata. Baada ya muda, magoti yakaanza kumuuma, kisha viwiko.

"Ni mazoezi hayo," Twiga alisema, lakini hakumtazama usoni.

Zilibaki nyimbo mbili ambazo Asali hakuwahi kuziimba. Fundi mitambo alimwomba Kitinda ajaribu ile sauti ya chini. "Hata ikiwa mbovu," alisema, "nitaipiga msasa." Kitinda aliingia kwenye chumba cha kurekodia, akafumba macho, akavuta pumzi pale ambapo dada yake angevuta. Alipomaliza akafumbua macho, aliona kupitia kioo kwamba fundi amevua hedifoni na kuziweka mezani kana kwamba zimemuunguza. Kipaza alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Meneja peke yake ndiye aliyepiga makofi. "Ni yeye!" alisema. "Ni yeye mtupu! Hakuna mtu duniani atakayejua."

Alifurahi hata akamwalika mama aje kuisikiliza albamu nzima kabla ya watu wengine. Mama alikuja asubuhi, amevaa gauni lake zuri, akaketishwa kiti cha fundi, spika kubwa mbele yake. Zile nyimbo saba alizisikiliza huku kichwa kikiyumba polepole. Asali alipocheka, naye alicheka, kicheko kile kile.

Wimbo wa nane ulipoanza, kichwa cha mama kikatulia. Aliinama mbele. Akasikiliza mstari mmoja, wa pili.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni Asali, mama," meneja alijibu upesi.

"Asali nimemzaa mimi. Nakuuliza, huyu ni nani?"

Fundi alizima muziki. Masikio ya watu wote mle ndani yalikuwa yamedanganyika, na mama, ambaye kila siku alimwita mdogo kwa jina la mkubwa, hakudanganyika hata kwa mstari mmoja.

"Ni mimi, mama," Kitinda alisema.

"Wewe nani?"

Kitinda alifungua mdomo, na jina lililomjia ulimini lilikuwa la dada yake. Alilimeza. Ilimchukua muda kulipata lake, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi ya taa.

"Kitinda."

"Kitinda," mama alirudia taratibu. Alimtazama bintiye kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta mtoto amekua. "Sikujua kama unaimba." Kisha uso ukambadilika. "Kile kidonge. Umekuwa ukikimeza?"

"Ndiyo, mama."

Mama alijifunika uso kwa mtandio.

Siku hiyo hiyo Kitinda alimwambia meneja kwamba hatafungua mdomo tena kwa zile nyimbo saba. Zile mbili ni zake, ataziimba mwenyewe, na jina lake liandikwe.

"Kundi la watatu linachezaje wawili?" meneja alifoka. "Unataka kutuua wewe?"

Kipaza alisogea akasimama kando ya Kitinda.

"Niko naye," alisema. "Nafasi ya Asali ibaki wazi. Mimi sitaki tena kumwona mtu amesimama pale."

Twiga akaitikia kwa kichwa, na meneja akaona ameachwa peke yake.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili mchana. Kipaza na Twiga walipanda jukwaani, katikati yao pengo la mtu mmoja, na ile sauti nzito ikatoka kwenye spika. Mwanzoni watu walicheza huku wakinyoosha shingo kutafuta anayeimba. Mmoja alipiga mluzi akidhani mitambo imeharibika. Kufika wimbo wa tatu, mtu na jirani yake walikuwa wameshanong'onezana habari za kifo cha Asali, na kucheza kukafifia safu baada ya safu. Biti ilikuwa ya kasi, taa zinazunguka, na ukumbi mzima umesimama tuli, unatazama mahali pasipo na mtu. Kitinda alikuwa nyuma ya pazia. Hata yeye alijikuta anapachungulia.

Alipoitwa kwa zile nyimbo mbili za mwisho, hakwenda katikati. Alisimama kandoni mwa Kipaza. Sauti ilimtetemeka, ikakwaruza, haikuwa ile ya studio. Wachache waliokuwa nyuma walianza kucheza tena, kwa aibu aibu, na kabla wengine hawajapata moto wimbo ukaisha.

Walirudi nyumbani kwa teksi, mama na binti, viti vya nyuma. Dereva alikuwa mstaarabu, hakuwasha redio. Walipovuka mzunguko wa barabara, mama alimgeukia bintiye.

"Ule wimbo wako," alisema. "Wa kwanza. Niimbie."

"Hapa, mama? Sauti imenikauka."

"Hapa hapa."

Kitinda aliimba. Ilitoka nyembamba, imechoka, bila biti wala wenzake. Mama aliegemea kiti, akafumba macho, akausikiliza wote mpaka mwisho. Kisha alitafuta mkono wa binti yake bila kufumbua macho, akaushika.

"Nitauzoea wimbo wako," alisema.