Picha ni Picha

Neno lililokuwa likimsimamisha Waridi ni moja tu: ghafla. Moza, bintiye wa pekee, alikufa ghafla. Daktari alisema hivyo, msibani wakasema hivyo, na hata jirani yake Siwema, ambaye mdomo wake hauna breki, hakuongeza kitu. Kama ni ghafla, basi hakuna ambaye angeweza kuona dalili. Hata mama mtu asingeweza. Waridi akaling'ang'ania neno hilo.

Lakini usingizi, wapi! Kwenye kibanda chake cha viatu vya kike, Kariakoo, mteja anaomba nyeusi anapewa nyekundu, anaomba jozi anapewa mguu mmoja. Siwema akachoka kutazama, akamkokota mpaka zahanati moja ya Ilala, kwa binti anayezungumza na wafiwa, anaitwa Sophia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sophia alikuwa na sauti ya upole, hilo tusimnyime. "Mama, kila siku chukua picha moja, kaa nayo. Usiwe na haraka. Anza na rangi, halafu shuka taratibu, mpaka uone vitu ambavyo mwanzo hukuviona. Moyo utatulia."

Ukutani kwake palijaa michoro ya ndege na twiga, lakini hakuinyooshea hata kidole. Wasomi wetu hawa, jamani! Mtu amezika mwanawe, unamwambia achukue picha. Atachukua ipi nyingine?

Waridi alikuwa nayo. Moza siku ya Idi yake ya mwisho, amesimama mlangoni kwao na gauni la kijani, mkono begani kwa mamaye. Siwema ndiye aliyeipiga kwa simu, na baada ya arobaini wakaisafisha na kuitia fremu.

Akaanza na rangi, kama alivyoambiwa. Alilitazama lile gauni mpaka akalia, kilio chepesi, na siku hiyo akalala. Loh, kumbe dawa ni ya kweli! Kesho yake akatazama uso, kope, ule mwanya wa meno. Akala wali wote. Siwema akamshukuru Mungu kwa sauti, mtaa mzima ukasikia.

Siku iliyofuata akashuka mpaka miguuni.

Viatu vilikuwa vipya, namba ileile ya Moza ya siku zote, Waridi mwenyewe alivitoa kibandani. Mikanda yote miwili ilikuwa wazi. Haikufungika. Nyama ya mguu ilikuwa imefura, imemwagika pembeni ya soli. Waridi akaisogeza picha dirishani kwenye mwanga. Ule mkono wa begani nao haukuwa wa kumkumbatia. Mtoto alikuwa ameegemea asianguke.

Sauti ya Moza ikamrudia, wazi kabisa: "Mama, viatu vinanibana." Na yeye akajibu nini? "Viatu vipya vyote vinabana. Acha kudeka, watu wanatusubiri kwenye pilau." Yeye, ambaye kutwa kucha anashika miguu ya wanawake viganjani, anajua mguu wa mimba, mguu wa kisukari, mguu wa mtu aliyesimama sana. Ya mteja asiyemjua jina aliiona. Ya mwanawe hakuitazama.

Alirudi kwa Sophia na picha imefungwa kwenye kanga. Binti alipoifungua akashika mdomo.

"Mama! Mimi nilimaanisha picha za kuchora! Kama hizi za ukutani!"

"Picha ni picha, mwanangu."

"Nisamehe, mama yangu."

"Hujakosea. Ulisema nitaona ambacho sikukiona. Nimekiona."

Sophia machozi yalimlenga. Hakujua la kufanya, akatungua mchoro mmoja ukutani, korongo wamesimama kwenye maji ya buluu, akamwekea Waridi mapajani. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Tuanze upya, mama. Polepole. Maji hayo, unaona rangi gani?"

Waridi aliinama juu ya mchoro. Maji hakuyatazama. Mbawa hakuzitazama. Kidole chake kilishuka moja kwa moja mpaka chini, kikapita kwa korongo mmoja, kikaenda kwa mwingine, mpaka wakaisha.

"Hawa wazima," alisema. "Miguu yao haijavimba."