Msomaji wa Kwanza

Kabla Happy hajaja na simu yake, hakuna mtu wa klabu yetu ya kujitolea, Mkono kwa Mkono, aliyejua jambo kabla yangu. Mwenyekiti hakujua, mweka hazina hakujua. Mume wangu Batholomeo ndiye katibu wa habari, na kila alipomaliza kuandika karatasi ya habari za klabu alikuja nayo jikoni, akaiweka mezani mbele yangu pamoja na kalamu nyekundu, akaenda kukaa nje. Mimi nilikuwa mwalimu, kalamu nyekundu naijua. Nikiona kosa, nilichora. Nisipoona, nilimrudishia karatasi bila neno, naye alijua iko sawa, akaipeleka kwa mchapaji. Baada ya hapo ndipo wengine wote, kuanzia Tarime hadi Mugumu, waliruhusiwa kusoma.

Halafu karatasi zikaanza kufa. Wakala wa magazeti pale stendi alikosa wanunuzi, meza yake ikawa ya kuuzia makava ya simu. Mchapaji naye aliuza mashine akarudi kwao. Klabu ikakaa kikao, na Happy, mwanachama mpya mwenye duka la dawa Mugumu, akasimama kusema kwamba sasa habari zote zipitie kwenye kundi la WhatsApp, tena kwa sauti, maana wazee wengi kusoma kunawachosha. Walimpigia makofi. Batholomeo alipiga kuliko wote, nilimwona.

Tangu siku hiyo nikawa nasikia habari za klabu pamoja na kila mtu. Niko jikoni nasonga ugali, simu inalia, naifungua, namsikia mume wangu akiwatangazia watu wa Kisaka jambo ambalo mimi ninayelala naye kitanda kimoja sijaambiwa. Na yeye mwenyewe yuko sebuleni, namwona mgongo. Kisha Happy anajibu kwamba asante tata, umesema vizuri sana tata. Najua kwetu kila mzee ni tata. Lakini huyu alikuwa akilivuta hilo neno utadhani analipwa.

Wivu ulinikaba, sitaki kusema uongo. Nilishinda nimeshika simu nikililinda kundi, nione nani kamjibu nani na nani kawekewa dole gumba. Batholomeo alikuwa akinitumia ujumbe pembeni pia, kwenye namba yangu mwenyewe, lakini wiki ileile ya kwanza nilikasirika nikaubonyeza, nikauficha kule simu inakoweka mazungumzo yasiyotakiwa, na kila alichotuma baadaye kikaangukia hukohuko, simu hailii wala haionyeshi. Nilidhani ni yaleyale ya chumvi imeisha. Kama ana la kusema, nilijiambia, jikoni anapajua.

Ndipo likaja tangazo la Gorong'a. Klabu ilikuwa imempata daktari wa macho na maboksi ya miwani ya kusomea, na Batholomeo akatangaza kwamba wataenda Jumamosi, wazee wa kitongoji wafike shuleni asubuhi. Nikauacha mwiko. Kitongoji kile nilifundisha miaka mingi, nakijua nyumba kwa nyumba, nao ni Wasabato watupu. Jumamosi hata chakula chao kinakuwa kimepikwa jana yake, sembuse kwenda kupimwa macho. Kiongozi wa kijiji aliyepigiwa simu anakaa upande mwingine na hasali nao, kwa hiyo alisema karibuni tu.

Nilichotakiwa kufanya ni kutoka jikoni kwenda sebuleni. Sikwenda. Happy alikuwa ameshaandika kwamba mpango umekaa vizuri, nikasema moyoni, basi asahihishe huyo anayeambiwa kwanza. Nilitaka aumbuke. Nilitaka wote waone kazi inavyokuwa bila kalamu nyekundu. Jumamosi asubuhi nilimpigia mume wangu shati pasi, nikamtilia chai, nikamwangalia akipakia maboksi yake kwenye gari, na sikufungua mdomo.

Alirudi kabla ya chakula cha mchana, maboksi yamefungwa vilevile. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akimlaumu Happy, lakini hakumtaja. Alisema walikaa kwenye darasa tupu wakisikiliza nyimbo kutoka kanisani, mpaka daktari akasema ana safari na hajui kama atapata siku nyingine. Aliyekuja ni Bibi Nyangi peke yake, yule aliyekuwa akinipikia uji nilipokuwa mwalimu mgeni pale. Siku hizi kitabu chake cha nyimbo anakishika tu, haoni herufi. Walimbembeleza apimwe, akakataa, akasema alitoka mara moja kusalimia wageni na anarudi ibadani.

"Aliniuliza kama mwalimu bado yuko hai," Batholomeo akasema. "Maana angekuwepo, angetuambia."

Nikamwambia hakuniuliza. Nilisema kwa ukali, kwa sababu ukali huo nilikuwa nimeubeba kwa miezi. Nikamwambia siku hizi msomaji wake wa kwanza ni Happy, mimi napewa makombo pamoja na kundi.

Hakuwa na hasira, hakuelewa tu.

"Mama Chrispin, hakuna kilichoenda kwenye kundi kabla hakijapita kwako. Nilikuwa nakutumia wewe kwanza, nikidhani ndio utaratibu wa sasa. Hukuwahi kurudisha neno, nikajua iko sawa."

Nilichukua simu nikaingia chumbani. Nilihangaika kupatafuta mahali nilipouficha ujumbe wake, mpaka nikapaona. Sauti zake zilikuwa zimepangana moja chini ya nyingine, za miezi yote, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nikagusa ya Gorong'a. Alikuwa akizungumza polepole, kwa ile sauti yake ya jikoni ambayo kundi halijawahi kuisikia.

"Mama Chrispin, sikiliza kwanza. Gorong'a wewe ndiye unayewajua. Jumamosi inafaa? Ukinyamaza, natuma."