Upana wa Vidole Viwili

Ko. Ko. Ko.

Umeme ulikuwa haujarudi, na sauti hiyo ilitoka jikoni, ndogo, yenye subira, kama ya mgeni anayebisha huku akijua wenyeji bado wamelala. Mama hakuhitaji taa ili kuitambua. Vilikuwa visigino vya bintiye vikigonga ubao wa kiti cha watu wazima. Miguu mifupi ikining'inia hewani, ikiitafuta sakafu ambayo haikuwa na haraka ya kuja.

"Bibi Mdogo, mbona umeamka kungali giza?"

"Naingoja chai."

"Chai yenyewe bado imelala."

"Basi naingoja iamke."

Mama alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Kwa watu wengine mlio ule ni utundu wa mtoto tu. Kwake ulikuwa hukumu. Yeye ndiye mchoraji wa kikundi cha samani, mgeni kuliko wote, na cheti chake cha masomo ya jioni kilikuwa bado kinanukia wino. Kiti cha kwanza alichowachorea watoto wa chekechea kilirudishwa na mwalimu mkuu kwa swali moja tu: "Mliwapimia watoto wa twiga?" Alikuwa amesahau unene wa sponji ya kukalia. Upana wa vidole viwili, si zaidi. Lakini vidole viwili vilitosha kuwaacha watoto wa watu wakielea kama nguo kwenye kamba.

Leo mwalimu mkuu angekuja kuona kiti cha pili. Na leo hiyohiyo muda wa majaribio wa mchoraji ulikuwa unakwisha. "Kiti ndicho kitakachokusemea," kiongozi wa kikundi alikuwa amemwambia, kwa upole uliomtisha kuliko ukali.

Mama mkwe, ambaye kwa kawaida ndiye aliyebaki na mtoto, alikuwa na miadi ya macho kliniki. Kwa hiyo Bibi Mdogo alivishwa gauni safi, akaambiwa asiguse kitu, na wakatoka pamoja.

Katikati ya karakana palikuwa na meza ndefu waliyoiita meza ya kusema. Sheria yake ilikuwa moja: kabla msumeno haujagusa ubao, kabla mkasi haujagusa kitambaa, mwenye wazo husimama hapo akalisema, wengine wakalisikia. Hata kupunguza unywele mmoja. Majuzi, baada ya kabati moja kuharibika, kiongozi aliongeza neno: atakayekata kabla ya kusema atafute kikundi kingine.

Walipofika, kiti kilikuwa tayari juu ya meza hiyo, kimefunikwa shuka. Fundi seremala, mzee mwembamba waliyempachika jina la Msumeno kwa ajili ya kazi yake na ulimi wake, alikuwa akifagia maranda yasiyokuwepo. Mshonaji, ambaye wote walimwita Shangazi, alikuwa amemaliza kushona jana jioni, akaondoka bila kuaga; leo alisimama pembeni, mbali na meza. Mchoraji aliyaona hayo yote, asiyatilie maanani.

"Haya, tumepata mteja kabla ya mteja," kiongozi alisema, akakifunua kiti, akakiteremsha sakafuni. "Kaa, mama. Tuone."

Bibi Mdogo akaketi. Magoti yakapanda, yakapita tumbo, yakakaribia kidevu.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alijishika shavu. Kwa kawaida Msumeno angekuwa wa kwanza kutaja chura. Safari hii alitazama ufagio.

Kiongozi alimwinua mtoto, akaupima mguu wa kiti kwa kiganja, akarudia. Sauti yake ikashuka. "Mguu huu umekatwa. Mwalimu yuko njiani. Nani amekata?"



Katika mkoba wa mchoraji mlikuwa na mchoro, umeviringwa vizuri. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Safari hii alikuwa ameikumbuka sponji. Aliupunguza mguu kwa vidole viwili kwa kalamu yake mwenyewe. Kilichohitajika ni kuukunjua tu mezani. Mchoro ungesema, naye angebaki: mshahara ungebaki, chumba cha kupanga kingebaki, na lile tumaini alilokuwa akilibeba kila jioni darasani, mtoto mgongoni amelala, lingepata mahali pa kukaa. Aliyekata angejulikana bila yeye kumtaja. Mkono wake ulikuwa umekwisha kufungua kifungo cha mkoba.

Akamtazama Msumeno. Mikono ya mzee ilikuwa imeshikilia ufagio kama mtu anayeshikilia nguzo ya nyumba inayotikisika. Kwa nini fundi wa miaka yote ile akate bila kusema? Jibu lilimjia taratibu, likamwingia kama baridi. Alikata kwa sababu alidhani binti huyu amesahau tena. Angesimama mezani kulisema hilo, angemtia aibu mbele ya wote katika siku zake za mwisho za majaribio. Kwa hiyo alimfichia.

Na yeye? Je, aliposahihisha mchoro, alisimama mezani? Hakusimama. Aliuchana mchoro wa kwanza vipande vipande, akaleta wa pili kimyakimya, asije akalitonesha donda lake mwenyewe. Mzee angejuaje?

Aliutoa mkono mkobani ukiwa mtupu, akaenda kwenye meza ya kusema.

"Mimi nilipunguza mguu kwa vidole viwili kwenye mchoro," alisema. "Nilipunguza kwa ajili ya sponji. Sikusema. Niliona haya."

Ufagio ukaanguka. "Vidole viwili?" Msumeno alimkodolea macho. "Ulipunguza wewe? Mwanangu, na mimi nimepunguza viwili vingine!"

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesemaje, na wewe unatembea humu kama uliyemeza sindano?"

Shangazi akaguna kutoka pembeni, mguno wa mtu anayeumwa jino. "Ngojeni, msimalize. Mimi nilidhani ninyi wote wawili mmesahau. Nimeweka sponji nyembamba, ile ya mito."

Walitazamana. Kisha Msumeno, ambaye ulimi wake ulikuwa umerudi nyumbani, akasema, "Wahenga walituambia kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakutuonya kwamba vidole vitatu vinaweza kumkosa."

Kiongozi hakutabasamu. Alikuwa akitazama barabarani kupitia dirishani. "Mtavunjana mbavu baadaye. Hakuna muda wa kuchonga miguu mipya."

"Nitabandika vipande chini ya miguu," Msumeno alisema.

"Vinne?" Shangazi alikataa. "Mtoto akikisukuma kiti, kimoja kitang'oka, tutaokota meno."

Mchoraji alikuwa amepiga magoti. Alichukua chaki, akachora sakafuni mstari kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma, na mwingine upande wa pili. Alianza kufanya hesabu kichwani, akajikuta akiifanya kwa sauti. "Tukilaza ubao mmoja hapa, unene wa vidole viwili, na mwingine hapa. Kiti kitasimama juu ya mbao hizo. Hakitapinduka."

"Na kitateleza bila kukwaruza sakafu," Msumeno akaongeza, tayari anapekua mabaki ya mbao.

"Uzichonge ncha zake ziwe mviringo, vidole vya miguu visijikwae," Shangazi alisema, huku akifumua mshono wake mwenyewe kupisha sponji nene. Kiongozi alivua koti, akakishika kiti kichwa chini, skrubu zikaingia. Kila mmoja alitangaza anachofanya kabla ya kukifanya, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama watu wanaovuka mto gizani wakiitana.

Kitambaa kilikuwa kinapigwa pini ya mwisho gari liliposimama nje.

Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu asiyeyapoteza maneno, alikizunguka kiti. Alikisukuma kwa goti; kikateleza, kisipinduke. Alipitisha kidole kwenye ncha zilizochongwa. Kisha akafunga mikono kifuani. Shangazi alikuwa bado na uzi mdomoni. Jasho la Msumeno lilidondoka, naye hakulifuta. Kiongozi alimtupia mchoraji jicho moja, ambalo mchoraji hakuweza kulisoma, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakujitaabisha kulisoma.

Hakuna aliyemwita Bibi Mdogo. Alitoka tu kwenye lundo la maranda alikokuwa akicheza, akajipangusa gauni, akaketi.

Mama yake alishusha macho, akatega sikio. Aliungoja ule mlio. Karakana nzima ilikuwa kimya, msumari ungeanguka ungesikika, lakini visigino havikugonga kitu.

Mtoto aliinama, akaitazama sakafu kwa muda mrefu.

"Miguu yangu imefika chini," alisema.