Bakuli la Maji ya Chumvi

Kabla ya chuma kile, Joash alikuwa wa Bathsheba peke yake. Lori lilipomkata mguu juu ya goti alirudi Karungu kwa magongo, na mtu wa magongo haendi mbali. Mke mdogo alikuwa naye, ndiyo, lakini Moraa alikuwa na kibanda chake cha nguo Sori, na Sori si hapo. Bathsheba, mikayi, yaani mke mkubwa, alimpikia, akamwogesha, na kusema kweli alinenepa kwa raha.

Kisha wakaja madaktari wageni kwenye hospitali moja kule Homa Bay. Wakamtia chuma ndani ya mfupa wa paja, ncha ikatokeza nje ya ngozi, na mguu wa bandia ukawa unafungwa papo hapo. Mwaka wa tisini na sita Joash alikuwa akitembea kama kijana anayetafuta mchumba. Na alitembea kwenda wapi? Sori!

Roho ilimchoma Bathsheba. Yeye ndiye aliyefundishwa kusafisha pale chuma kinapotokea, kila jioni, kwa maji ya moto yaliyotiwa chumvi. Yaani amsafishe yeye, afaidi mwingine! Hata hivyo bakuli lile lilikuwa lake. Joash alikaa mbele yake, mkono begani kwake, akimpa habari za ziwani, na Moraa na ujana wake wote hakuwa na kitu kama hicho.

Jioni moja akanusa harufu. Alikuwa ameonywa wazi: ikinuka, mlete upesi. Akafuta usaha, akatupa kitambaa motoni, akanyamaza. Chuma kikilegea si watakitoa? Na wakikitoa, si magongo yatarudi? Alinyamaza hivyo mpaka Joash akawa anauma meno kila akikanyaga, mpaka homa ikamlaza.

Huko Homa Bay, Daktari Onsongo aliitazama picha ya mfupa akaguna. Ilibidi wampasue tena: chuma kitoke, mfupa ukwanguliwe, upone kwa miezi, ndipo watie kingine. Usipopona, paja zima litakwenda.

"Hii kitu ilianza kunuka lini?" akauliza.

Bathsheba hakuwa amewaza habari ya paja zima. Moraa alisimama kando na chupa ya chai.

"Daktari, pua ya Mama Metrine imezeeka," Joash akasema, macho yake hayabanduki usoni pa Bathsheba. Alijua. "Sio makosa yake. Hiyo kazi mfundishe huyu mdogo."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Joash akarudi Karungu kwa magongo, akakaa nyumbani kutwa kucha, vile vile Bathsheba alivyoomba. Lakini kidonda kilihitaji mkono wa Moraa, basi Moraa akafunga kibanda chake akahamia bomani.

Jioni ya kwanza alisimama mlangoni pa jiko na bakuli.

"Mikayi, nisaidie maji moto kidogo."

Bathsheba aliona wivu. Akainua sufuria, akammiminia.

"Chumvi wamesema kiasi gani?" Moraa akauliza. "Nimesahau."

Bathsheba akachota chumvi kwa vidole vyake, akaitia mwenyewe, akakoroga mpaka ikayeyuka yote. Kisha akampa bakuli.