Dawa ya Kutazamana

Kaliza alianza kumwegemea baba yake mwezi wa Februari, na waliomfahamu waliona ni muujiza.

Alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye usonji. Tangu ajue kutembea hakupenda kuguswa, wala kumtazama mtu machoni. Ukimwita, aligeuza kichwa upande wa pili. Alichopenda ni maji: kuyamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, kuyasikiliza yakichuruzika, na kuyanywa, kikombe baada ya kikombe, mpaka mama yake amtoe jikoni.

Mama yake, Connie, alikuwa msomaji wa habari za asubuhi za Kiswahili katika redio moja ya Kigali. Gari la redio lilimfuata nyumbani Kimironko kungali giza, kwa hiyo kumwogesha mtoto, kumvisha na kumpeleka shule ilikuwa kazi ya mumewe, Ntare, mhandisi wa barabara. Wote wawili walikulia Tanzania, mke Bukoba, mume Karagwe, na ndani ya nyumba yao Kiswahili ndicho kilichotawala.

Ntare alimpenda binti yake kwa namna iliyomuumiza mwenyewe. Jioni akirudi kazini alichuchumaa mlangoni na kufungua mikono, na mtoto akampita kama apitavyo kiti. Connie alishazoea. Ntare hakuzoea.

Habari za homoni alizipata kwa Onyango, Mkenya aliyefanya naye kazi ofisi moja, ambaye pia mwanawe alikuwa na usonji. Onyango alimweleza kwamba mwilini mna homoni iitwayo oksitosini, inayomfanya mama ashikamane na mtoto anayemnyonyesha, na watu waaminiane. Wenye usonji, alisema, hawana ya kutosha. Siku hizi inauzwa mtandaoni, ya kupuliza puani. "Nimempa wangu, bwana. Juzi ameniita baba."

Usiku huohuo Ntare alimweleza mkewe.

"Tumuulize daktari kwanza," Connie alisema.

"Daktari atasema tusubiri utafiti. Tangu tuanze kusubiri, Mama Kaliza, tumepata nini?"

"Basi tusubiri tena. Sitaki mtoto wangu apulizwe puani kitu ambacho sijui kimetoka wapi."

Ntare akasema sawa. Connie akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Onyango alimgawia chupa moja, na Ntare akaificha ndani ya gari, chini ya kiti. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alikishika kichwa cha mtoto kwa upole na kumpulizia kila tundu la pua. Alijiambia kwamba akiona matokeo atamweleza mkewe, naye mke atamshukuru.

Na matokeo aliyaona. Haukupita muda Kaliza akaanza kulaza kichwa begani kwake. Makelele ya jioni yakapungua. Mwalimu wake alimsifu kwamba anakaa ametulia. Hata Connie, asiyejua lolote, alifurahi, maana mtoto aliyekuwa akikojoa kitandani sasa aliamka mkavu.

"Anakua," alimwambia Ntare akitandika shuka. Ntare akatabasamu na kutazama pembeni.

Kisha Connie akaona vitu vingine. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kidogo asubuhi. Siku moja alitapika uji. Akaanza kulala mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Walimpima malaria, hakuwa nayo. Ntare alisema ni uchovu wa shule, na asubuhi iliyofuata akampulizia tena.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo mtaa mzima hutoka na majembe, maduka hufungwa na magari hayatembei mpaka kazi iishe. Ntare alikuwa na majirani wakizibua mtaro. Connie alikuwa nyumbani akimpikia Kaliza ndizi. Alisikia kikombe kikianguka jikoni, akageuka, akamkuta mtoto chini. Macho yamepinduka, meno yameumana, mwili unatikisika wote.

Alimbeba akatoka naye hadi barabarani, miguu mitupu.

"Baba Kaliza! Baba Kaliza, mtoto anakufa!"

Ntare alitupa koleo. Connie aliingia kiti cha nyuma na mtoto mapajani, gari likaondoka kwa kasi katika barabara iliyokuwa tupu kabisa. Kwenye makutano polisi wa kike alisimama katikati na kunyoosha mkono. Ntare alishusha kioo, akaonyesha kiti cha nyuma. Polisi akainama aanze kuuliza, akamwona mtoto, povu limemtoka mdomoni.

"Mugende! Nendeni!" alipaza sauti, akageuka na kumpigia filimbi mwenzake wa mbele asiwasimamishe.

Walifika hospitalini Kibagabaga Kaliza ameshikwa na degedege kwa mara ya pili. Wauguzi walimchukua mikononi mwa mama yake, wakamweka oksijeni, wakamchoma sindano ya kutuliza degedege. Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Lusekelo, Mtanzania, mtu wa Mbeya, asemaye taratibu hata mambo yanapokuwa moto.

"Kuna dawa yoyote anayotumia?"

"Hakuna," alijibu Connie.

Ntare alisimama nyuma yake na matope ya mtaro yakimkaukia suruali. Aliyakwangua kwa ukucha.

Majibu ya damu yaliporudi, daktari aliyasoma, akamwita muuguzi na kumnong'oneza. Kisha akawageukia wazazi.

"Chumvi ya damu imeshuka vibaya sana. Maji yamejaa mwilini, hayatoki, na ubongo unavimba. Naanza kumrudishia chumvi sasa hivi, lakini nikienda haraka mno nitamuumiza, na kama kinachozuia maji bado kimo mwilini, sitajua nisimame wapi. Lazima nijue ni nini. Anakunywa maji mengi?"

"Maji ndiyo mchezo wake," Connie alisema. "Lakini ni tangu zamani. Hajawahi kuumwa hivi."

"Basi kuna kitu kimeongezeka. Baba, nakuuliza na wewe."

Ntare alilamba midomo. "Si dawa, daktari. Ni homoni tu. Ya asili."

Connie aligeuka polepole.

"Homoni gani?"

"Ile niliyokwambia."

Hakumpiga, hakupiga kelele. Alimtazama tu, na Ntare baadaye alisema afadhali angempiga. Daktari hakuwapa nafasi ya ugomvi. "Iko wapi?"

Ntare alikimbia hadi kwenye gari, akarudi na chupa. Lusekelo aliigeuzageuza kwenye mwanga.

"Imeandikwa oksitosini. Kilichomo ndani sikijui, na aliyeiuza pengine hajui. Iko homoni nyingine, ndugu wa karibu sana wa hii, ambayo kazi yake ni kuzuia mkojo. Hutengenezwa hata kwa ajili ya watoto wanaokojoa kitandani. Ukimpa mtu hiyo halafu akanywa maji atakavyo, ndiyo haya."

Connie aliweka mkono mdomoni. "Alikuwa hakojoi tena kitandani. Nikafurahi."

"Lakini alikuwa ananiegemea, daktari," Ntare alisema, sauti imekwaruza. "Alikuwa ananilalia begani."

"Hakuwa na nguvu, baba. Kichwa kilimuuma na hawezi kusema. Aliegemea alipopata." Daktari aliishusha chupa. "Oksitosini yenyewe imechunguzwa kwa miaka, kwa watoto wengi kama huyu. Wengine walidhani wameona kitu. Walipojaribu kwa watoto wengi zaidi, waliopewa hawakupata nafuu kuliko waliopuliziwa maji ya chumvi matupu. Sisemi homoni hazina kazi katika mambo ya watu kupendana. Nasema bado hatujui, na hii hapa haitoki kwa mtu anayejua. Nani mwingine anayo?"

Ntare alipiga simu hapohapo. Onyango alipokea akicheka, kisha Ntare alipomweleza akaacha kucheka.

"Wako amekunywa maji mengi, basi. Wangu anaendelea vizuri."

"Mlete wapime damu, Onyango. Nakuomba."

"Mwanangu ameniita baba, unanisikia? Nisikize maneno ya watu nimwachishe?" Akakata.

Connie alikuwa amesikia. Alichukua simu yake mwenyewe akampigia Wanjiku, mke wa Onyango, ambaye walikuwa wakionana kwenye mikutano ya wazazi. Hakuzungusha maneno.

"Mama, mumeo anampulizia mtoto kitu puani?"

"Ndiyo. Sote tunajua. Kwani?"

"Analala mchana siku hizi?"

Sauti ya Wanjiku ikatoka nyembamba. "Hata sasa amelala."

"Mwamshe. Usimpe maji. Njoo naye Kibagabaga, usimngoje mumeo."

Kaliza alizinduka alasiri, na kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko degedege. Alitaka maji, na hakuruhusiwa. Chumbani mlikuwa na beseni la kunawia, na alilisikia bomba likidondoka. Alipiga mayowe, akauma mkono wa mama yake, akajitupa kuelekea lile bomba na mpira wa dripu ukivutika. Connie alimshika kwa nguvu, mtoto asiyependa kushikwa, huku akitangaza taarifa ya hali ya hewa kwa sauti ya redioni, kwa sababu ndiyo sauti pekee aliyoweza kuitoa bila kulia. Ntare aliziba bomba kwa taulo, likanyamaza. Akabaki ameketi sakafuni, mgongo kwenye beseni.

Wanjiku alikuwa ameshafika na mwanawe asubuhi ileile, kwa pikipiki ambayo polisi waliiruhusu kupita. Chumvi ya mtoto huyo ilikuwa imeshuka pia, lakini hakuwa amefika kwenye hatari. Onyango alikuja jioni, akasimama mlangoni bila kuingia. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyemfukuza.

Kesho yake chumvi ya Kaliza ilikuwa imepanda taratibu kama daktari alivyotaka. Alikojoa sana, uso ukapungua. Ntare alimgusa kisigino, na mtoto akaurusha mguu, akausukuma mkono wake kwa nguvu na kugeukia ukutani. Connie alicheka huku machozi yakimtoka. Ntare alitoka nje, akakaa kwenye benchi la korido mpaka muuguzi mmoja akaja kumuuliza kama amefiwa.

Lusekelo aliipeleka chupa ikachunguzwe maabara. Majibu yalipokuja yalikuwa kama alivyoshuku: hamkuwa na oksitosini hata chembe. Mlikuwa na ile ya kuzuia mkojo, kwa kiasi cha mtu mzima.

Connie aliomba kuhamishiwa habari za mchana. Hakumfukuza mumewe, ila kwa muda mrefu hakumwacha peke yake na mtoto, na Ntare hakulalamika. Walizungumza juu ya gari, juu ya umeme, juu ya chakula. Mara moja tu, wakiosha vyombo, Connie alisema, "Ningekuamini kama ungesema asubuhi ile pale hospitali, daktari alipouliza mara ya kwanza." Ntare akajibu kwamba anajua.

Mvua za masika zilipokwisha, asubuhi moja Connie alikuwa akitafuta funguo na muda wa shule unapita. Ntare alisimama mlangoni na viatu vya mtoto mkononi.

"Naweza kumvisha?"

Connie aliwaza kidogo. "Muulize mwenyewe."

Ntare aliketi chini, si karibu sana, akaviweka viatu sakafuni kati yao na kuuliza. Kaliza alikuwa akitazama pazia. Hakugeuka. Ntare alingoja, akatazama pazia naye, lilivyojaa upepo na kupwaya. Baada ya muda mguu mmoja ulinyooshwa upande wake. Akauvisha kiatu, akafunga kamba, akaendelea kungoja wa pili.