Jiko Lililozidi Kupungua

Safari hii jiko lilikuwa dogo kuliko safari iliyopita. Ntinyari aliliona hilo kabla Gichovi hajamaliza kukunjua ramani mezani. Akaweka kidole juu yake.

"Hapa ni wapi?"

"Jikoni, Mwalimu," Gichovi alisema. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya bucha huko Majengo, mjini Meru. "Tumepunguza kidogo ndio sebule ipate nafasi."

"Nani alisema sebule haina nafasi?"

Gichovi alimtazama Salesio, mume wa Ntinyari. Salesio alitazama dirishani.

Ntinyari alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na miaka hiyo yote waliishi katika nyumba ya mbao kule Kiirua, upepo ukipenya kila ufa. Sasa walitaka kujenga ya mawe. Yeye aliomba kitu kimoja tu: jiko pana lenye meko ya kuni na bomba la moshi, benchi ukutani, na dirisha la kuelekea zizi la ng'ombe. Kiirua kuna baridi. Jioni watu hukaa penye moto. Mengine yote, alisema, wapange wapendavyo.

Wakapanga kweli. Muthamia, kifungua mimba wao, aliyefanya kazi Nairobi, alikuwa akimpigia Gichovi simu bila kumwambia mama yake. Aliongeza chumba cha wageni chenye bafu lake, kisha akapanua sebule. Kila alipoongeza, jiko lilisukumwa nyuma, mpaka sasa lilikuwa limebanwa kati ya stoo na choo, dirisha likitazama tangi la maji.

"Hii ni kazi ya Muthamia. Mpigie," Ntinyari alisema.

Gichovi akapiga, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Mum, mtapikia gesi," Muthamia alisema. "Hiyo mambo ya moshi ni ya zamani. Na Baba alishakubali."

Ntinyari akamgeukia mumewe. "Ulikubali?"

"Aliniuliza kama sebule kubwa ni nzuri. Nikasema ni nzuri."

"Na mimi juzi nilikuuliza kama jiko kubwa ni zuri."

"Hata hilo ni zuri," Salesio alisema, wala hakuwa akifanya mzaha. Ndivyo alivyokuwa siku zote: aliyezungumza naye mwisho ndiye aliyeondoka na kauli yake.

"Baba Muthamia, tulipomzika dada yako, wale wageni wa Embu tuliwaketisha wapi?"

"Jikoni. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Na wewe hunywa uji wako wapi?"

"Jikoni."

"Basi mwambie mtoto wako."

Salesio aliipokea simu kama aliyepewa sufuria ya moto. Akakohoa. "Muthamia, mama yako anasema jiko liongezwe."

"Si mimi!" Ntinyari akapiga meza. "Sema wewe!"

Chini, kwenye bucha, shoka lilikuwa likigonga mfupa.

"Hata mimi hukaa huko," Salesio alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Muthamia akashusha pumzi. "Sawa. Lakini chumba cha wageni kisiguswe. Nitakuja na watoto. Nafasi itoke kwingine."

Gichovi akapitisha penseli juu ya ramani, akasita. "Imebaki chumba chenu cha kulala tu, Mwalimu. Tukikipunguza, kitatosha kitanda na kabati."

Ntinyari alitaka kumuuliza Muthamia alilala kwao lini mara ya mwisho. Akajizuia. "Kata hapo," akasema.

Gichovi akafuta, akachora meko na benchi, akaligeuza dirisha likaelekea zizini. Lilikuwa jiko zuri. Salesio aliliinamia huku akitabasamu.

"Sasa hiyo ni nyumba," akasema.

Ntinyari alikuwa amelipata jiko lake, lakini amelilipia kwa chumba chake mwenyewe, na hapo mezani hakuna aliyeona ubaya wowote. Alichukua mkoba wake, akashuka ngazi bila kumsubiri mumewe.