Askari Aliyesimama

Askari walikuwa wakirudi kutoka Burma, na Mishomoroni kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kumpokea. Dhahabu hakuwa na mtu. Mume alikwenda zake zamani, mtoto hakujaliwa, na mamake, Sidi, ndiyo kwanza amezikwa. Ukiwa wa namna hiyo usikie kwa mwenzio tu.

Babake, Nguma, alikufa katika vita vya kwanza, vya Mjerumani, Dhahabu angali tumboni. Hakuwahi kuijua sura yake. Basi alipofungua sanduku la marehemu akakuta picha ndani ya kipande cha kaniki, aliipeleka mlangoni penye mwanga. Askari wawili, miguu imezongwa vitambaa, nyayo peku. Mmoja amesimama, uso wake mzima na wa kicheshi. Mwenziwe ameketi kitini, uso umeliwa na mende.

Baba ni yupi? Dhahabu hakujisumbua. Kwao mgeni ndiye apewaye kiti, mwenyeji husimama. Picha ni ya nyumba hii, basi mwenyeji ni Nguma. Akamshukuru Mungu kwamba mende nao wana adabu.

Tangu hapo akawa na mtu. Akitoka kuuza mihogo humwegemeza ukutani akamweleza yote: mgongo unaouma, mawifi wasiomjulia hali, hofu ya kufa peke yake. Hata mama hakuwahi kuambiwa hayo.

Matanga yalipokwisha akaja mzee Boga kutoka Kaloleni, kuhani msiba. Yeye na Nguma walikwenda vitani pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

Dhahabu akamletea picha kwa fahari. Mzee akaisogeza machoni, akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe nilikuwa kijana hivi. Huyu ni mimi."

"Huyu aliyesimama?"

"Mimi. Babako alishikwa na homa siku ile, nikamwachia kiti."

Dhahabu akaketi chini. Akauliza, "Alikuwa na sura gani?"

Boga alimkazia macho, akitafuta.

"Nisikudanganye, mwanangu. Nakumbuka alivyokuwa akiimba. Sura imenitoka."

Alipokwisha kumsindikiza mzee, Dhahabu aliiegemeza picha mahali pake. Siku hiyo alikuwa na mengi ya kusema kuliko siku zote, na hakujua amwangalie nani.